Kifuniko Nilichokitia Soda

Nikianza kusimulia hili masikio yangu hupata moto, kwa hiyo kama ni kunicheka nichekeni sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Ni miaka ile sisi tuliokulia Kongo tulikuwa tumeanza kuizoea Kamembe, upande wa Rwanda, na vita vya huko ng'ambo Kongo bado havijaisha. Nilikuwa fundi pikipiki (fundi hasa, si wa kubahatisha, ndivyo nilivyojiona). Maman Furaha wa Giheke akaniletea pikipiki ya mumewe, aliyevuka mpaka kwenda Bukavu kufuata mali yake asirudi, na baada ya miaka ya kungoja familia ikakubali kumaliza matanga bila kaburi. Picha zake zote ziliungua. Kilichobaki ni jina lake, alilolichora mwenyewe kwa msumari kwenye kifuniko cha injini cha alumini, na siku ya matanga mama yake mzazi angeligusa kumuaga. Maman Furaha aliniomba nitoe grisi tu, bibi huyo asichafuke.

Mazuti, yaani dizeli, na brashi vingetosha. Lakini mimi na sifa! Nilitaka king'ae kama kipya, nikamwomba jirani mpika sabuni soda yake, ile kali inayobabua vidole, nikajiambia kama minyororo ya chuma hutoka safi humo basi na alumini itatoka safi (jamani, chuma soda inakiacha, alumini inaila), nikakitumbukiza kwenye ndoo, nikaenda kunywa chai, chai moja ikawa mbili kwa sababu ya habari za redio. Niliporudi ndoo inatokota bila moto na kifuniko ni cheusi. Nilipokipiga brashi weusi ukatoka, na jina likatoka nao.

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Badala yake nikakipiga msasa, nikakifunga mahali pake, nikaipeleka pikipiki matangani huku nikimwomba Mungu watu wasitazame.

Walitazama. Uwanja ulijaa, na mimi nimekalishwa benchi la mbele kwa heshima ya ufundi. Bibi akaletwa akishikwa mkono, akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya kifuniko, akarudisha, akapitisha tena.

"Iko wapi jina ya mutoto wangu?"

Nikasimama. "Maman, ni miye niliifuta. Niliweka soude."

Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

"Miye sijue kusoma," akasema. "Kidole yangu njo ilikuwa inaijua."

Wajomba wakaanza kunifokea, na walikuwa na haki. Maman Furaha akanipa msumari bila kunitazama, akaniambia niandike upya, nikaandika mbele ya umati ule, herufi zikapinda. Bibi akazigusa kidogo, akautoa mkono.

"Hii haiko yake."

Akarudishwa ndani, na watu wakala chakula cha matanga.

Tangu siku hiyo alumini kwangu ni mazuti na brashi, hata mteja akiwa na haraka ya namna gani, na kabla sijagusa kitu namuuliza mwenyewe kuna alama gani nisiitoe. Wengi hunicheka, wanasema ni uchafu tu huo, fundi, toa wote. Bibi amekwishafariki. Siku ile nilimwambia niliifuta, lakini kumwomba msamaha sikumwomba, na toka Kamembe hadi Giheke si mbali.