Simiti Iliyokauka Sigor

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi kule Sigor penye ukame, Mwalimu Langat alipopitisha kidole juu ya kipande cha zege tulichojivunia sana, na kidole kikatoka na unga. Alituonyesha tu.

Mwanangu, wewe unayeanza kutafiti simiti isiyochafua hewa sana, nivumilie kidogo. Mimi na Kiprono tulikuwa vijana wakati huo, na Mwalimu alikuwa akitufundisha kazi hiyohiyo karibu na Kapsoit, kwenye mvua nyingi. Tulichukua majivu ya kuni kwenye kiwanda cha chai, tukayachekecha, tukayachanganya na simiti ili simiti yenyewe itumike kidogo. Vipande tulivyomwaga uani vilikuwa vigumu ajabu. Hatukuvimwagilia maji hata mara moja. Huku kwetu nani humwagilia kitu? Mvua ya alasiri ilitufanyia kazi, nasi tukadhani ni ujuzi wetu.

Kiprono alizaliwa Sigor, na alikuwa amewaahidi waumini wa kanisa la kwao tangi la maji la simiti hiyo. Mama yake ndiye aliyewaongoza akina mama kukusanya mawe. Lakini Mwalimu alikataa tangi lijengwe kabla hatujamwaga kipande cha kujaribia palepale, juani. Simiti yenye majivu hukomaa polepole na hutaka unyevu kwa muda mrefu. Hicho kipande ndicho kilichotoa unga: kilikauka kabla hakijashika.

"Tuongeze simiti kidogo tujenge tu," Kiprono alinong'ona. "Mawe yako hapo tayari. Nitamwambia mama nini?"

"Mwambie ulichoona," Mwalimu akajibu kwa upole. "Umwambie wewe, si mimi."

Akaenda, nami nikamfuata. Mama alikuwa na wenzake, wametoka kuteka maji mbali. Kiprono akamweleza kwamba tangi lingepasuka, kwamba ingebidi kungoja mvua, maana hatungeweza kuwaomba wamwage juu ya zege maji waliyowabebesha punda.

Mama akatua mtungi wake. "Kwa hivyo hii simiti ya wasomi inakunywa kushinda punda wangu?"

Wenzake wakacheka. Kiprono hakucheka.

"Ndiyo, mama."

"Na kama ungejenga hivyo hivyo, mimi ningejua?"

"Hungejua. Mpaka lipasuke."

Mama akainua mtungi wake. "Basi tutangoja. Lakini mvua ikija, uje wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Kiangazi kile kilikuwa kirefu, na wale akina mama walikitembea chote wakifuata maji. Mvua ilipofika, Kiprono alienda akajenga. Alizifunika kuta za tangi kwa magunia yaliyolowa na akalala kwao hadi zikakomaa. Hadi leo watu wanateka hapo, nami kila nikipita namshukuru Mungu kwa kile kipande kibovu.

Kwa hiyo, mwanangu, usiridhike na kinachofaulu uani kwako. Ipeleke kazi yako mahali itakapotumika, kwenye jua la huko na uhaba wa huko. Ikikataa, waambie wanaoingojea kwa kinywa chako mwenyewe, hata kama mmoja wao ni mama yako. Watakasirika, kaa nao wakiwa wamekasirika.

Mungu akupe mikono yenye subira, akuweke karibu na watu watakaokuuliza maswali, na kila utakachojenga kiwafae wasiokujua jina. Amina.