Upande wa Mama Mkwe

Nimewahi kuwa mtaalamu wa mchwa. Mafunzo yalichukua siku tatu, uani kwa bosi wangu, Bariadi mjini. Bosi alikuwa muuza dawa za pamba ambaye siku moja alirudi kutoka semina akiwa na cheti, kofia ngumu mbili na cheo cha Mkurugenzi. Kofia moja akanipa mimi. Nilimuuliza mchwa ataniangukiaje kichwani mpaka nivae kofia ngumu. Akasema kazi za ofisi hazitaki maswali mengi.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Watu hupenda kusikia kwamba ilikuwa umaskini, na mara nyingine nimewaambia hivyo ili nipewe chai. Ukweli ni kwamba nilimuuliza mwalimu kwa nini mwezi huonekana mchana, akanichapa, na kesho yake sikuona sababu ya kurudi. Tangu hapo nimepakia marobota ya pamba, nimeanika dagaa Mwamanyili, nimechunga ng'ombe wa watu ambao hawakunijua kwa sura. Kila kazi niliiacha nilipoielewa. Mchwa walinishika muda mrefu kuliko zote, maana hao sikuwaelewa.

Kazi yenyewe, kama Mkurugenzi alivyoieleza, ni ya uvumilivu. Humwagi sumu ukaondoka. Unafukia mabomba mafupi ya plastiki kuzunguka nyumba, yametobolewa matundu ubavuni, na ndani yake unaweka vipande vya mbao laini visivyo na dawa yoyote. Unafunika, unasubiri. Mchwa wakishazoea kula humo ndipo unawabadilishia mbao na kuwapa chambo chenye sumu ya taratibu. Wafanyakazi wanakibeba kwenda kumlisha malkia, kwa heshima zote, na siku moja kichuguu kizima kinanyamaza. Nilipenda hilo. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi ambayo adui ndiye anayefanya sehemu ngumu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa huko Nkololo, mwenye ekari arobaini za pamba, mahindi na mikaratusi, na nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka yote ya utumishi. Mchwa walikuwa wameingia kwenye paa. Silingibodi ya korido ilimwaga vumbi kila mlango ulipofungwa. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na mwalimu alijua, kama kila mtu anavyojua kule, kwamba mvua za kwanza hutanguliwa na upepo unaotafuta bati la kuondoka nalo.

"Kijana," aliniambia siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. "Paa hili likienda, mimi sina mshahara mwingine wa kulirudisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Nilimwambia. Alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Basi utachora ramani ya nyumba, na mimi nitaisahihisha."

Nikazunguka na bisibisi na nyundo. Ukigonga mbao nzima, inajibu kwa sauti kavu, fupi. Iliyoliwa inajibu kama debe tupu. Niligonga madirisha, milango, nguzo za baraza. Mwalimu alinifuata na daftari, akirudia kila nilichosema kana kwamba ni yeye aliyekigundua. Mbele, kulia, kushoto, tukamaliza. Nilipopiga hatua kuelekea nyuma, akanishika mkono.

"Huko basi."

"Nyuma bado, Mwalimu."

"Nyuma yuko mama mkwe."

Nilisubiri aendelee. Kwake sentensi ilikuwa imekamilika.

Lazima nieleze, ingawa Msukuma yeyote ameshaelewa. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai pamoja, hawapishani mlangoni. Ni heshima. Mama huyu alikuwa amehamia pale tangu mwisho wa mwaka jana, akapewa chumba cha nyuma, jiko la nyuma na uwanja wa nyuma. Kuanzia siku hiyo mwalimu hakukanyaga nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe ndiye aliyekuwa daraja kati yao, na sasa daraja lilikuwa Mwanza kwa miezi miwili, likimwangalia binti yao aliyejifungua. Kwa hiyo mama mkwe alipika, akaweka hotpoti juu ya jiwe kwenye kona ya nyumba, akakohoa mara mbili, akaondoka. Mwalimu alihesabu mpaka ishirini, akaenda kuchukua.

"Lakini mchwa, Mwalimu..."

"Nyuma hakuna mchwa," akasema mtu ambaye hakuwa ameiona nyuma kwa karibu mwaka.

Ningeweza kubisha. Nilikuwa na kofia ngumu, nilikuwa na kivuli cha cheti cha Mkurugenzi. Badala yake nilichora ramani ya nyumba yenye pande nne, na upande wa nne nikaandika kwa herufi kubwa: SAFI. Mwalimu akaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Tangu niache shule ilikuwa vema yangu ya kwanza, nami nikaona fahari, mjinga mimi.

Nilifukia mabomba pande tatu. Baada ya wiki mbili nikarudi kuyafungua. Mbao zilikuwa zimetafunwa vizuri, zimepakwa udongo kama wanavyofanya wakiwa na raha, lakini mchwa mwenyewe hakuwepo hata mmoja. Bomba la pili, hivyo hivyo. La saba, hivyo hivyo. Nikampigia simu Mkurugenzi.

"Wamehama," akasema bila kufikiri.

"Wote? Wakaacha chakula?"

"Andika wamehama."

Nikaandika wamehama. Mwalimu akasoma, akatazama juu kwenye korido, ambako waliohama walikuwa wakitafuna kwa sauti inayosikika. "Wamehamia wapi?" akauliza. "Maana mimi nawasikia hapa."

Wiki mbili nyingine, mambo yale yale. Sasa silingibodi ya korido ilikuwa imelegea upande wake wa mwisho, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mashariki kila alasiri, yakitishia, yakiondoka. Mkurugenzi akaamua nikaweke sumu tu, mchwa wawepo wasiwepo. Utaalamu ulikuwa umefika mwisho, ikabaki imani.

Nililala Nkololo kwa jamaa, nikafika kwa mwalimu asubuhi na mapema, begi limejaa pakiti za chambo. Mwalimu alikuwa ameshaenda shambani. Nikazunguka ubavu wa kulia, na hapo nikamkuta bibi mmoja mwembamba, khanga mbili, ameinama juu ya bomba langu namba nne. Alitoa kifuniko, akachomoa mbao, akaikung'uta juu ya ungo kwa pigo moja la kiganja. Mchwa wakamwagika kama mchele. Vifaranga kumi na kitu wakaruka juu ya ungo. Kisha akairudisha mbao kwa uangalifu, akafunika, akapapasa udongo ukakaa sawa kuliko nilivyouacha mimi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?" akajibu, akaniuliza habari.

"Mhola. Mayu, unafanya nini?"

"Nalisha." Aliniangalia kofia. "Wewe ndiye uliyeleta hivi vyungu vya plastiki?"

"Ndiyo."

"Ni vizuri. Havipasuki. Mkwe wangu ana heshima sana. Hawezi kusema nami, lakini aliona vifaranga wangu wana njaa, akaniletea vyungu kimya kimya. Mwambie nimepokea. Kila siku akienda shamba napita vyote."

Nilikaa chini. Begani nilikuwa na sumu ambayo, kama ningechelewa saa moja tu, kesho ingekuwa kifungua kinywa cha vifaranga. Maandishi ya kwenye pakiti yalikuwa ya Kichina, kwa hiyo sijui mpaka leo yalisema nini kuhusu vifaranga.

"Kwa nini unaviita vyungu, mayu?"

Akacheka. "Mtu mzima hajui chungu cha mchwa? Umelelewa wapi, hotelini?"

Akanipeleka nyuma. Mimi nimelelewa na bibi kama yeye, na chungu cha mchwa nilikijua kabla ya kusoma. Unachukua chungu kilichopasuka, unakijaza mabua na mavi makavu ya ng'ombe, unanyunyizia maji, unakifudikiza juu ya njia ya mchwa. Asubuhi unafunua, kuku wanakula. Kila nyumba inacho kimoja, mbali kidogo, kule kichakani. Mama mkwe alikuwa navyo kumi na kimoja. Vilikuwa vimepangwa kwenye msingi wa nyumba, vimebanana na ukuta kama wanafunzi mstarini, kwa sababu magoti yalimsumbua na hakutaka kwenda mbali. Kila jioni alivimwagilia maji.

Kutoka kwenye kila chungu njia ya udongo ilipanda ukutani, nene kama kidole gumba, ikanyooka mpaka kwenye boriti ya paa. Upande ule ambao mimi, mtaalamu, niliuandika SAFI.

Nikapanda kwenye ndoo, nikagonga boriti. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Boriti iliyobeba kenchi zote za nyuma ilikuwa imebaki rangi na mazoea.

"Mayu," nikasema, "hawa mchwa umewalisha, umewanywesha, kisha umewaonyesha njia ya paa."

Alitazama vyungu, akatazama ukuta, na nikaona njia zile zinamfikia machoni moja moja, mpaka ya kumi na moja. Akaketi juu ya kinu. "Yeye anajua?" akauliza taratibu.

Mwalimu alirudi saa sita. Nikamsimamisha kwenye kona, kwenye jiwe la hotpoti, mama mkwe akiwa upande wa pili wa kona hiyo hiyo, hatua tatu kutoka kwake. Nikaeleza yote. Nilipomaliza, kila mmoja aligeukia kwangu.

"Mwambie mkwe wangu," akasema mama, "sikujua. Nilidhani vyungu vya plastiki ni zawadi."

"Anasema..."

"Nimesikia," akasema mwalimu.

"Hujasikia mpaka uambiwe!" akafoka mama, kisha akaziba mdomo, maana alikuwa amemsemesha.

"Mwambie mama," akasema mwalimu, akiukazia macho ukuta, "kosa si lake. Kosa ni la huyu kijana wa darasa la sita aliyeandika safi."

"Na vema ya kalamu nyekundu aliiweka nani?" nikauliza.

Upande wa pili wa kona kikasikika kicheko kimeminywa kwenye khanga.

Tukakubaliana kwamba fundi aje kesho yake na boriti mpya. Upepo haukuwa kwenye makubaliano. Ulikuja alasiri ile ile, mwekundu wa vumbi kutoka mashariki, na paa la nyuma likaanza kupumua, linainuka kiganja kimoja, linashuka. Nilikimbilia chumbani kwa mama mkwe, nikasukuma ndoo chini ya boriti, nikapanda, nikainua kwa kofia ngumu. Ndipo nilipojua kazi ya kofia ngumu. Mama alikuwa ameshanishika miguu.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Leta mti!"

Nikamsikia akija ubavuni akiburuta nguzo ya mkaratusi. Akafika kwenye kona. Akasimama.

"Siwezi kuingia," akasema. "Ni chumba cha mama."

Juu yangu bati lilikuwa linalia kama ng'ombe. Jasho na unga wa mchwa viliingia machoni.

"Mwambie aje kinyumenyume!" akasema mama, akajifunika khanga uso mzima.

Akaja kinyumenyume. Mwalimu mkuu mstaafu, miaka sitini na mbili, suruali ya kupiga pasi, akakunja kona akirudi nyuma dhidi ya upepo, nguzo kwapani, uso umegeukia Bariadi.

"Mwambie kushoto!"

"Kushoto, Mwalimu!"

"Kushoto kwake au kwangu?"

"Mwambie kushoto kwa mkono anaoandikia mtu asiyejua kuandika!"

"Mwambie nimeelewa!"

Aligonga mlango kwa mgongo, akagonga meza, akamwaga maji ya mtungi, akafika. Tukaisimamisha nguzo chini ya boriti, yeye akisukuma kwa mabega huku akitazama ukuta, mama akisukuma gizani ndani ya khanga yake. Paa likainuka kiganja, likashuka juu ya nguzo, likakaa. Mvua ikafuata, nzito, kwa saa nzima. Hakuna aliyeondoka kwenye ile nguzo, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Fundi alibadilisha boriti siku ya pili. Vyungu kumi na kimoja nilivibeba mimi mpaka kwenye kichuguu cha mwisho wa shamba, na mabomba yenye chambo nikayazungusha pande zote nne, kila kifuniko nimekifunga kwa waya. Mama aliwafungia vifaranga wake bandani mwenyewe.

Siku niliyomaliza, kikohozi kilisikika mara mbili. Mwalimu akahesabu mpaka ishirini. Juu ya jiwe kulikuwa na hotpoti mbili badala ya moja, ndani yake jogoo wa kukaanga, mkubwa, aliyenona kwa mchwa wa vyungu. Tukakaa barazani tukala. Mwalimu alitafuna paja muda mrefu, akafikiri, akalitazama paa, kisha akalitazama paja.

"Kijana," akasema. "Hii ni boriti yangu."

Nikamwambia ndiyo, Mwalimu. Akaomba kipande kingine.