Mama Mkwe Aliwalisha Wote Sinia Moja

Admin, nifiche jina. Mtaa nautaja mwenyewe, Kibokoni, maana hapa hata nikinyamaza watanijua. Nina miaka thelathini na moja, na mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita. Tunaishi nyumba ya ukoo: mama mkwe chini, wifi yangu na wanawe katikati, sisi juu.

Binti yangu ana maradhi ya figo. Dawa anazotumia zinaupunguzia mwili nguvu ya kupigana na maradhi mengine. Daktari alinieleza wazi kuwa tetekuwanga, ambayo wenzake hujikuna wakapona, yeye inaweza kumuua, na chanjo yake hawezi kupewa maadamu yuko kwenye dawa hizo. Kinga yake ni sisi tunaomzunguka.

Nilimwomba wifi awachanje wanawe, gharama juu yangu. Akacheka. "Chanjo ya tete? Sote tumeugua humu, nani alokufa? Wewe huyo mwanao wamshika kama yai."

Mwalimu wa binti yangu, mama wa bara anayekaa Buxton, alinielewa kuliko watu wa nyumbani. Tulipatana kuwa mtoto yeyote shuleni akitokwa malengelenge, anipigie simu. Mwezi uliopita akanipigia, nikaenda kumchukua binti yangu papo hapo. Nilijiona nimeshinda.

Kumbe wana wa wifi, wanaosoma shule hiyo hiyo, walikuwa wameshaipata. Wakatokwa malengelenge wote. Nikajifungia juu na mwanangu. Ijumaa dawa zake zikaisha, nikaenda kuzichukua hospitali, nikamwacha na babake. Wakati wa sala ulipofika, mume wangu akamshusha kwa mamake, yeye akaenda msikitini.

Niliporudi niliwakuta watoto wote mkekani, sinia moja ya wali katikati, mwanangu kati yao anacheka. Siku nyingi alikuwa hajacheza na wenzake. Mama mkwe alikuwa akiwalisha matonge kwa mkono wake, huyu kisha yule. Akaniambia, "Nimewakusanya ili naye aipate, mwanangu. Akiipata mdogo ni kheri. Waogopani?"

Hakuwa na ubaya, anampenda mjukuu wake. Ningekuwa na wa kumchukia, labda ningepumua.

Nilimkimbiza hospitali siku ile ile, wakampa walichokuwa nacho. Haikusaidia. Sasa tuko wodini, tetekuwanga imeingia mapafuni, anapumua kwa mashine. Daktari siku hizi ananijibu huku akitazama chini.

Mume wangu ameniomba, "Usimwambie mama, atakufa kwa majuto. Sema ameipata shuleni." Nikasema hivyo. Sasa mtaa mzima wamlaumu yule mwalimu, mtu wa pekee aliyejaribu kumlinda mwanangu. Ananitumia salamu kila siku na mimi siwezi kumjibu.

Jana mama mkwe alikuja na uji, akamshika mtoto mguu, akaniambia taratibu, "Shukuru, mwanangu. Ashaipata, haimrudii tena."

Nikimwambia ukweli namvunja, na ndoa yangu sijui kama itabaki. Nikinyamaza, mwalimu anabeba dhambi isiyo yake, na kesho bibi huyu atakusanya watoto wengine. Nishaurini jamani, nimwambie nini mama mkwe? Kila jioni ananipigia kuniuliza mtoto atarudi lini, wenzake wamepona, wanamngoja wale pamoja.