Sabufa ya Bwana Ghala

Dada yangu ni fundi wa redio, na kwa miaka miwili mtaa mzima ulimwita Mama Moshi. Jina hilo alipewa na mtu mmoja tu, msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, ambaye nyumba yake inatazamana na kibanda chetu. Sisi tulimwita Bwana Ghala. Nitamsema vibaya hapa, na radhi siombi.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada alimtengenezea amplifaya yake ikapona kabisa. Baada ya wiki moja Bwana Ghala akairudisha na kuibwaga mezani mbele ya wateja watatu, inanuka mpira ulioungua.

"Fundi gani wewe? Nimeiwasha tu, imefuka moshi!"

Dada aliifungua palepale. Kwa nyuma, kwenye vibano vya nyaya za spika, alikuta vinyuzi vya shaba ambavyo yeye hakuviacha. Akamuuliza aliunganisha nini. Bwana Ghala akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba aliunganisha spika zake mbili za siku zote, basi. Sasa, upande huu mzee mwenye koti la suti, upande ule mwanamke mwenye bisibisi sikioni. Mnajua nani aliaminiwa.

Wateja wakatuhama mmoja mmoja. Dada, aliyekuwa akiamsha redio zilizokatiwa tamaa na mafundi wengine, akabaki kubadilisha nyaya za pasi. Mimi ni seremala, tunagawana kibanda, na makasha ya spika namtengenezea mimi. Kila asubuhi nilimwona akifuta vumbi kwenye meza isiyo na kazi. Watoto walipita mbele yetu wakikohoa makusudi. Yeye aliendelea kufuta. Mimi nilikuwa nikipigilia misumari, na kila msumari nilijua ni kichwa cha nani.

Jumamosi moja mchana, mke wa Bwana Ghala akavuka barabara, kitenge kimemlegea kwa haraka.

"Dada, nakuomba usinifukuze. Mzee ameagwa kazini, wageni wameshajaa nyumbani. Amenunua sabufa, hizi zenye umeme wake zenyewe. Inanguruma tu, halafu amplifaya inajizima. Njoo ututoe aibu."

Dada akachukua mkoba wake wa vifaa. Nikamfuata, na katikati ya barabara nikamnong'oneza, "Ichome. Choma vyote viwili, sabufa na amplifaya."

"Nikichoma, atakuwa alisema kweli," akanijibu bila kugeuka. "Nataka aseme yeye."

Sebuleni kulikuwa na watu kama ishirini, soda mkononi: mkubwa wake wa kazi, majirani, na kinyozi wa kona, mteja wetu wa zamani. Bwana Ghala alikuwa katikati ya kochi na koti lake lilelile.

"Sogezeni ndoo ya maji," akasema, "huyu akigusa kitu moshi haukosi!"

Wakacheka. Kinyozi akacheka kuliko wote. Dada alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya kabati la redio.

Akaniita kwa kidole. Amplifaya hii haikuwa ile iliyoungua, lakini nayo ilikuwa ya zamani, haina tundu maalumu la sabufa. Kwa ujuzi wake, Bwana Ghala alikuwa amechukua ule waya mwembamba wa vichwa viwili, chekundu na cheupe, akaukata upande mmoja, akauchuna, akasokota ncha kwenye vibano vya spika. Vichwa akavichomeka kwenye matundu madogo ya sabufa. Matundu hayo yanataka sauti changa, ambayo haijakuzwa, yeye akayamwagia nguvu yote ya spika. Tena shaba zilikuwa zimetawanyika hadi zikagusana, na hilo huua amplifaya. Hii ilikuwa na kinga, ndiyo maana ilijizima. Ile ya kwanza haikuwa nayo. Dada akaninyooshea vinyuzi kwenye kiganja, nami nikavitambua: ni kama vile vya miaka miwili iliyopita.

Alizima kila kitu, akang'oa uchafu wote. Sabufa ilikuwa na vibano vyake nyuma, vya kupokea nguvu hiyo ya spika. Akavuta nyaya mpya kutoka vibano vilevile vinavyolisha spika kubwa hadi kwenye vibano vya sabufa, chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi. Kila waya aliuvuta kidogo kuona kama umeshika. Kisha akawasha, sauti chini, akarekebisha besi hadi ikakaa vizuri chini ya mwimbaji bila kummeza. Ndipo akapandisha. Vioo vya dirisha vikatetemeka, watu wakasimama kucheza, hata mkubwa wa kazi akatikisa mabega.

Bwana Ghala akaja mwenyewe, meno yote nje. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu asiposemea sikioni hasikiki. Dada alikuwa bado amepiga magoti, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti, wa kulia umeshika ule waya uliokatwa.

"Huu uliunganisha mwenyewe?" akamuuliza kwa kelele.

"Mwenyewe!"

"Na ile ya kwanza?"

Akageuka kuangalia wageni wake. Walikuwa wakicheza, hakuna aliyemtazama. Sabufa yake ilikuwa imekubali, amefurahi, na mtu akifurahi ulimi hulegea. Akainama, akavuta pumzi, akapaza sauti kuishinda besi.

"Hivihivi! Na sabufa ya kuazima!"

Hapo dada akazungusha kitufe hadi sifuri, muziki ukakatika, na yeye bado anapaza sauti.

"Niliichoma mwenyewe, ila usiwaambie hawa!"

Sebule nzima ilimsikia Bwana Ghala. Kinyozi alibaki na chupa imesimama mdomoni. Mke wa Bwana Ghala alikuwa mlangoni na sinia, akamtazama mumewe hadi yeye akaangalia chini. Mimi nilifurahi, na nilifurahi vibaya. Miaka miwili nilikuwa nimemwombea mtu yule aibu, na ilipokuja niliitazama usoni mwake, jasho tone kwa tone, wala sikumwonea huruma hata chembe.

"Ulichoma nini?" mkubwa wake wa kazi akauliza.

Bwana Ghala akalegeza tai. "Ongeza muziki, dada," akasema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada.

Mkono wa dada haukusogea kwenye kitufe.

"Umeulizwa, bwana," akamwambia. "Wajibu wageni wako."