Gari Jeupe Alilolitukana Baba

Mpaka leo sijui kama siku ile nilimsaidia Baba au nilimharibia. Nikimuuliza Mama anasema nilimsaidia, halafu anacheka, na kile kicheko kinanirudisha nilikotoka. Kwa hiyo naiandika polepole, jinsi ilivyokuwa, labda nikiisoma mwenyewe nitaelewa.

Baba alikuwa dereva wa lori la kuchukua mizigo Isaka. Mwenye lori akaliuza, Baba akarudi nyumbani kwetu Kagongwa kulima mpunga. Ila alikuwa akisikia honi barabarani anainua kichwa, kama mtu aliyeitwa. Ndipo mama mmoja mwenye duka la vipuri Kahama, anayemfahamu tangu enzi za lori, akampigia simu. Wachimbaji wadogo walikuwa wanamsumbua. Pampu ikifa kwenye machimbo ya Mwakitolyo, maji yanajaa kwenye duara, lile shimo lao, na watu wote wanakaa juu wakilitazama. Mkanda wa karasha ukikatika, mawe hayasagwi. Mtu wa namna hiyo anataka kipuri leo, kesho hakimsaidii, na bodaboda haibebi bomba. Yule mama akamwambia Baba atafute gari la kufungika, lisiloingiza mvua wala vumbi, na mizigo yake yote ya haraka atampa yeye. Lakini liwe limepatikana kufikia Jumatatu, kwa sababu kuna mtu mwingine anaiomba kazi hiyohiyo.

Baba akauza maksai wake wa kulimia. Hapo ndipo nilipoogopa. Bila maksai na bila gari, msimu unaofuata tungeingia shambani na majembe ya mkono, familia nzima, na Baba angebaki anainua kichwa kila honi ikilia.

Jumamosi akanichukua kwenda naye Kahama kuchagua. Alinichukua kwa sababu ya urefu wangu. Mimi ni mrefu kuliko wasichana wote wa kidato cha tatu, darasani wananiita mlingoti, na nikisimama kujibu swali natamani sakafu ipasuke. Bomba refu kuliko yote katika lile duka lilikuwa linalingana na mimi kabisa. Yule mama alikuwa ameshanisimamisha kando ya bomba hilo kupima, wateja wakatazama, Baba akafurahi. Akasema hana haja ya futi, anaye binti.

Kwenye uwanja wa magari tulimkuta kijana muuzaji aliyekuja kutoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka nikaona aibu kufungua mdomo, maana chetu sisi hakiendi popote bila Kisukuma. Alikuwa na magari mawili ya kufaa. Moja jeupe, rangi imefifia, refu kwa nyuma, mlango wa nyuma unanyanyuka juu. Lingine la bluu, linang'aa, viti vipya, na redio aliyoiwasha kabla hatujaomba.

"Panda, mayu, ulale," Baba akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nikatandika khanga nikalala chali ndani ya lile jeupe, huku kijana wa Tanga akinitazama kama mgonjwa. Kichwa kilikuwa nyuma ya kiti cha dereva, na miguu haikugusa mlango. La bluu lilikuwa tofauti. Ilibidi nikunje magoti, na uvimbe wa chuma unaofunika tairi ulinichoma ubavuni. Nikashuka nikijua jambo limekwisha, tunachukua jeupe.

Baba akaliendea la bluu. Akalisifia rangi, akalisifia viti, akakaa ndani akashika usukani akatabasamu. Kisha akaligeukia jeupe na kuanza kulitukana. Alisema linatoa moshi, na kweli lilikuwa limetoa moshi wakati wa kuwashwa. Mlango wake unalia kama mbuzi. Chini limeoza. Gari kama hilo, akasema, unampa mtu unayemchukia. Mimi nilikuwa nimelala mle ndani muda si mrefu na nilikuwa nimelipenda, nikaanza kujilaumu kwa kutojua kitu. Kijana wa Tanga alikuwa anaitikia tu, ndiyo mzee, ndiyo mzee, na uso wake unanyauka.

Baba akasema tunakwenda kunywa chai, tutafikiria. Njiani nikamuuliza kwa nini anataka la bluu wakati bomba haliingii.

"Nani anataka la bluu?" akasema. "Wewe umekulia wapi? Ng'ombe unayemtaka mnadani humtazami. Unamsifia wa pembeni."

"Kwa hiyo lile jeupe siyo bovu?"

"Siyo bovu."

"Na moshi?"

"Moshi upo."

"Sasa si ndiyo ubovu?"

Akanunua maandazi. Nilikunywa chai ile nikijaribu kupanga kichwani ni maneno gani ya Baba yalikuwa ya kweli na yapi ya mnadani, nikashindwa. Hata sauti yake haikubadilika kati ya moja na jingine.

Tuliporudi tulimkuta mzee mwingine, mwenye kofia ya pama na viatu vya matairi, muuza kuku anayepeleka kuku hai na mayai Geita. Wakasalimiana na Baba kwa Kisukuma, mwadila, mhola, habari za mifugo, habari za mvua. Kijana wa Tanga, kwa uaminifu wake, akamwambia yule mzee kwamba hili jeupe bora alijue mapema, huyu baba amelikagua na kulikataa. Akaorodhesha yote, moshi, mlango, kuoza. Hakusahau hata mbuzi.

Mzee wa kuku akamtazama Baba. Baba akatazama mawingu. Nikaona yule mzee ameelewa, kwa sababu alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa akaanza na yeye. Akalipiga teke tairi la gari jeupe, akasema hata kuku wake wangekataa kupanda. Baba akaongeza kwamba injini inakohoa. Mzee akasema siyo kukohoa, hiyo ni kifua kikuu. Walizunguka lile gari pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakilizika, na kila mmoja alikuwa anaona uchungu kwamba mwenzake analitaka. Mimi nilisimama kwenye kivuli cha la bluu. Nilitaka kucheka na pia nilitaka kulia, sijui kwa nini vyote viwili.

Kijana wa Tanga akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa funguo.

"Wazee wangu, mmenifumbua macho," akasema. "Mimi ni mgeni huku, na magari haya ni ya bosi, lakini dhambi itakuwa yangu. Hili siliuzi. Namwita fundi alichukue akalivunje vipuri."

Akatoa simu. Hakuwa anatania, alikuwa ameshaanza kuongea na fundi.

Nadhani mnadani hakuna muuzaji aliyewahi kukubali. Muuzaji hukasirika, huapa, humwita dalali, na ndipo bei inapoanza kushuka. Nilimwona Baba akifungua mdomo na kuufunga. Atakayesema kwanza ndiye atakayejulikana anataka, na akijulikana ameshapoteza. Mzee wa kuku naye alikuwa anasubiri. Fundi kwenye simu anauliza aje na gari la kuvutia au linatembea lenyewe. Nikaona majembe.

"Baba analitaka," nikasema.

Sauti ilikuwa ndogo mno, kijana akaondoa simu sikioni. "Unasemaje, dadangu?"

"Lile jeupe. Baba analitaka."

Mzee wa kuku alicheka mpaka akashika kofia. Akamwambia Baba, "Binti kakufungulia zizi." Hapohapo akaacha kucheka akamgeukia kijana, akasema na yeye analitaka, tena anaongeza. Lakini kijana wa Tanga alikuwa amechoka na wazee. Akasema aliyesema kwanza ni huyu dada, na ndiye pekee aliyesema neno la kueleweka tangu asubuhi. Kisha akamuuliza Baba mbele yetu sote, sasa mzee, gari ni bovu au siyo bovu?

Baba alitazama viatu vyake.

"Ni zima," akasema.

"Na moshi?"

"Ni wa baridi tu. Likipata moto unaisha."

Baada ya hapo bei haikushuka hata kidogo. Ingeshukaje, wakati mteja mwenyewe ameshasema ni zima? Baba akalipa yote, pamoja na ile akiba aliyokuwa ameitenga ya matairi mapya. Nyuma yetu mzee wa kuku aliliendea la bluu na kuanza kulitukana.

Njia nzima mpaka Kagongwa Baba aliendesha akisikiliza injini. Mama alitoka nje, akalizunguka gari, akauliza mbona matairi vipara. Baba akajibu aniulize mimi.

Jumapili tumetoka kanisani, yule mama wa vipuri akapiga simu, hakungoja Jumatatu. Pampu imekufa Mwakitolyo. Tukapakia bomba Kahama, likaingia lote na mlango ukafunga. Mama wa duka alizunguka nyuma akaujaribu ule mlango, ukalia, akasema sawa, kazi ni yako. Neno hilohilo ndilo tulilokuwa tunalingoja, lakini alilisema huku anatafuta chenji ya mteja mwingine, nikashindwa hata kujua ni wakati gani wa kufurahi. Nikaenda na Baba ili nilishike bomba lisigongegonge. Kule wachimbaji walilipokea likiwa bado limo nusu ndani, wakakimbia nalo, hakuna aliyelitazama gari.

Wakati wa kurudi Baba alienda taratibu kwa sababu ya matairi.

"Ungenyamaza kidogo tu," akasema. "Yule kijana angetulia. Angerudi mwenyewe na bei nyingine."

Nikasema samahani, Baba.

Tukapita mashimo, tukapita watoto na ng'ombe. Baadaye akasema, kana kwamba anamjibu mtu mwingine, "Au angelivunja."

Nilingoja amalizie, nijue lipi kati ya hayo mawili analiamini. Akaniambia nitoe kichwa nje nisikilize tairi la nyuma upande wangu, kama linalia. Nikatoa kichwa. Lilikuwa linalia, lakini na changarawe ilikuwa inalia, na mlango pia, na sikuweza kutofautisha. Nikamwambia sijui. Akapunguza mwendo zaidi, akaniambia niendelee kusikiliza.