Harusi ya Mama na Pesa za Marehemu Baba

Mimi nina mdomo, nakubali. Siku ile Lodwar, katika ofisi ya serikali tunakopangia foleni ya vitambulisho, nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akaingia mbio na rungu, akidhani kuna nyoka.

Tulikuwa tumekwenda kumtafutia mama kitambulisho kipya, maana cha zamani kilikuwa kimefutika hadi sura. Foleni haisongi, joto ni lile letu. Karani mmoja kijana alipoona tunachoka, akatueleza kwamba kuna pesa watu wamezisahau huko benki, kwenye simu na makazini, na serikali inazitunza mpaka wenyewe wajitokeze. Unaandika nambari ya kitambulisho kwenye simu, unaambiwa kama kuna chako. Watu wakaanza kubonyeza. "Hakuna!" "Hata mimi hakuna!" "Yangu imecheka tu!" Tukawa tunatangaza umaskini wetu kwa zamu, na kila aliyekosa anapigiwa makofi. Mimi nikakosa, nikapigiwa makofi. Ndipo mama akaninong'oneza, "Jaribu ya baba yako."

Nambari ya baba naijua kwa kichwa. Alikuwa mtunza stoo ya chakula katika kambi ya Kakuma, akiajiriwa na shirika moja la misaada, na alifariki mimi nikiwa kidato cha tatu. Nambari hiyo niliijaza kwenye fomu nyingi za kuombea karo mpaka ikanikaa. Nikaiandika. Simu ikawaza, kisha ikasema kuna mali kwa jina lake.

Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Simu haikusema ni kiasi gani, na hilo ndilo lililotutia wazimu. Foleni nzima ikaanza kunisaidia kutumia. Mzee mmoja alinishauri nyumba ya mawe. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alisema hapana, ngamia kwanza, nyumba haizai. Yule askari wa nyoka akaomba soda, na mimi nikamnunulia! Mimi mwenye kibanda cha soda baridi, nikanunua soda ya mwenzangu, kwa bei ya mwenzangu, kwa fujo la pesa nisizoziona.

Karani akatuambia tulete cheti cha kifo, kitambulisho cha mama, na barua ya chifu inayotaja mke na watoto wa marehemu. "Huyu ndiye mke?" akauliza. "Ndiye," nikajibu haraka. Mama alikuwa anatazama chini. Nilidhani ni joto.

Jumamosi tukapanda gari kwenda Kakuma, nyumbani kwetu. Njia nzima nilikuwa naimba, na mama ananikanyaga mguu ninyamaze. Chifu alitupokea vizuri, akatoa karatasi na kalamu, lakini akasema lazima ndugu wa marehemu awepo, asije akalaumiwa baadaye. Baba mkubwa akaitwa. Akaja na fimbo yake na kigoda chake, akakaa.

"Ejok, shemeji," akamsalimu mama.

"Ejok-nooi," mama akaitikia.

Akasikiliza habari yote mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akasema, "Watoto ni damu ya ndugu yangu, sikatai. Lakini mke, hapana. Dume halijachinjwa."

Kwetu Waturkana mahari hulipwa miaka na miaka, na inakamilika siku upande wa mume unapoleta dume la ng'ombe la harusi na kulichinja nyumbani kwa kina msichana. Kabla ya siku hiyo, hata mkizaa kumi, mwanamke bado ni binti wa baba yake, na watoto wanahesabiwa huko. Baba alianza na mbuzi. Miaka mingi baadaye akatoa ngamia. Kisha ukame ukafagia kilichobaki, naye akafa. Kwa hiyo mama, aliyempikia, akamzalia wanne, akamuuguza, hakuwa mjane wa mtu.

"Na wewe umemwita shemeji miaka yote hii!" nikamfokea baba mkubwa. Nilisahau adabu kabisa.

"Ni heshima tu," akasema, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angekuwa na tamaa ya pesa ningejua pa kumshika, lakini mzee hakutaka hata senti.

Chifu akakuna kichwa. "Serikali haiulizi mambo ya ng'ombe," akasema. "Naweza kuandika hata sasa. Mama, wewe unasemaje?"

"Usiandike uongo, chifu," mama akasema polepole. "Mimi sijaolewa."

Tulipotoka nje nikamvaa. Umefanya nini, mama, pesa ile pale! Akaniacha nimalize kelele zangu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku ya kumzika baba, wanawake wa ukoo walimketisha upande wa majirani. "Nilimlilia mume wangu kutoka kwa majirani," akasema. "Pesa mtakula nyinyi. Mimi nataka hilo dume." Nikamshika mkono, tukatembea hivyo mpaka stendi.

Basi, nikauza friji. Kwa joto la Lodwar, kuuza friji ni kuuza kibanda chenyewe, na wateja wangu waliniuliza waziwazi kama nimerogwa. Ndugu zangu wakatuma walichonacho, tukapata dume jekundu lenye nundu ya kujivunia. Si ajabu kwetu watoto wakubwa kummalizia baba yao mahari, na baba mkubwa alipoulizwa kama atasimama mahali pa ndugu yake, alinyanyuka kwenye kigoda papo hapo, kana kwamba harusi ni saa hiyo.

Jamani, ile harusi! Bibi harusi ana wajukuu tisa na mapengo mawili. Tulimletea shanga, akazikataa, eti hizo ni za wazee. Tukampaka mafuta na udongo mwekundu, tukamficha ndani kwa mjomba, ndugu yake, na huko ndani alikuwa anacheka mpaka wanawake wa mlangoni wakashindwa kuimba. Baba mkubwa akaja na wanaume wanaruka, dume mbele. Upande wa mama ukawazuia langoni na matusi ya harusi: "Mmetoka wapi saa hizi? Bibi harusi ameota mvi akiwangoja!" Dume liliposikia vigelegele likageuka, likakata kamba, likatimua kuelekea lami. Basi la Kitale likafunga breki, abiria wote wakatoa simu madirishani, na baba mkubwa, mzee wa fimbo, akapita mbele ya basi anakimbia, shuka limebaki nyuma, anaita dume kwa majina ya mapenzi. Mimi nilikaa chini mchangani. Mbavu zilikataa.

Lilishikwa, likarudishwa, likachinjwa. Mama akavishwa pete ya chuma shingoni, ile ya mke. Halafu mama, ambaye kila siku analalamikia magoti yake, akacheza mpaka tukamwomba apumzike.

Asubuhi yake chifu akaandika barua juu ya kiti cha pikipiki, vidole vikiwa bado na mafuta ya nyama. Nikaipeleka Lodwar pamoja na vyeti, nikaanza kungoja, na miezi ikapita nikiuza soda za moto.

Siku tuliyoitwa, karani alikuwa yule yule. Alikuwa ameletewa faili lote kutoka kazini kwa baba. Akatutajia kiasi, na kilikuwa kizuri, ingawa si cha nyumba ya mawe. Nikaanza vigelegele, lakini karani alikuwa bado anafunua karatasi, anatabasamu peke yake.

"Mama," akasema, "hata hii barua mliisumbukia bure. Mzee alijaza fomu alipoajiriwa. Aliulizwa pesa apewe nani akifa. Ameandika jina lako hapa, na hapa ameandika wewe ni nani wake. Mke."

"Aliajiriwa lini?" mama akauliza.

Karani akautaja mwaka. Ni mwaka nilioanza darasa la kwanza.

"Hapo alikuwa ametoa mbuzi," mama akasema. "Mbuzi tu!" Akapiga kaunta kwa kiganja. "Mwongo huyu! Aliidanganya serikali!" Akacheka, machozi yanamtoka, mpaka foleni yote ikageuka kututazama. Mimi nilikuwa nalia na kucheka vile vile, wala sikujua kipi ni kipi.

Mama hajui kusoma. Akamwomba karani amwonyeshe neno lenyewe, karani akamwelekeza, naye akaweka kidole juu yake.

"Na walimwamini?"

"Walimwamini, mama."

Nyuma yetu mtu akalalamika kwamba tunachelewesha watu. Mama hakuondoa kidole.

"Soma tena," akasema.