Vijiti vya Darasa la Kwanza

Mwalimu Koleta alifundisha darasa la kwanza pale Bukiriro, na kila mwaka miezi ya baridi ilipoingia alikuwa na masomo yake mwenyewe ambayo sijui kama yamo katika kitabu chochote cha serikali. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa bondeni hadi saa tatu, na mtoto mwenye shati moja vidole vinamkatalia kushika kalamu. Koleta hakuwafungia ndani. Aliwatoa, akawapanga kwenye ukuta unaopata jua la kwanza, akawaambia wapulize pumzi waone moshi wake, kisha kila mmoja ataje kitu chenye joto. Blanketi. Uji. Mgongo wa mama. Wakitaja, yeye anaandika chini kwa fimbo, nao wanasoma silabi kwa silabi.

Somo walilolipenda zaidi ni la vijiti. Kila mtoto alileta vijiti vitano vya kuni kutoka kwao. Walivihesabu, wakavifunga mafungu ya kumi kumi kwa kamba za mgomba, wakajumlisha, wakatoa. Hesabu ikiisha, vijiti vinaingia chini ya sufuria ya Generoza, mpishi wa shule, na watoto wanakunywa uji. Mimi ni fundi wa kuziba sufuria, nimetembea Ngara na Biharamulo yote kwa miguu, na sufuria ya shule ile ilitoboka kila mwaka. Ndiyo maana nilikuwapo.

Mwaka wa tisini na tano somo hilo likawa na taabu. Wakimbizi wa vita kutoka ng'ambo ya mpaka walikuwa wamejaa tangu mwaka uliotangulia, na vilima vyetu vilikwisha kunyolewa, hata visiki viling'olewa. Wazazi walinung'unika kwamba Mwalimu anawaomba kuni kama vile anaomba maji. Halafu misalaba ya mbao ikaanza kupotea makaburini. Hakuna aliyechunguza. Watu walisema ni wakimbizi, basi ikawa ni wakimbizi.

Katika darasa la Koleta alikuwamo mtoto mmoja wa wakimbizi, Ineza, wa miaka minane. Yeye na bibi yake, Speciose, hawakukaa kambini. Walilala katika banda la mkulima mmoja, na bibi alifanya vibarua kwa watu. Mwalimu mkuu, Thobias, alikuwa amemruhusu mtoto aketi darasani bila kuandikishwa, kwa sharti kwamba asisikie neno juu yake. Likisikika neno moja, anatoka. Koleta alilikubali sharti, maana mtoto yule alikuwa na njaa ya herufi kuliko njaa ya uji.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilikuwa nimechuchumaa karibu na moto, nangoja uji uishe niizibe sufuria. Ineza alileta vijiti vyake vitano. Vinne vilikuwa vya mkaratusi, kimoja kilikuwa kipande cha ubao uliorandwa. Wenzake walikuwa wakihesabu kwa kuimba. Yeye alikuwa amekigeuza kile kipande, anapitisha kidole juu ya herufi zilizochomwa kwa msumari wa moto.

"Bu," akasema. "To. Yi." Akaziunganisha silabi kwa sauti, kama alivyofundishwa: "Butoyi."

Koleta alikuwa mjane. Mumewe, Anatoli Butoyi, alikuwa na miaka mitatu kaburini, na herufi zile alizichoma Koleta mwenyewe. Kwetu Butoyi ni jina la pacha aliyezaliwa wa pili, na pale kijijini Butoyi aliyekufa alikuwa mmoja tu. Generoza aliacha mwiko akaja kutazama.

"Mwalimu, huu ni msalaba wa Anatoli."

"Ni kijiti," Koleta akasema. "Kimeshahesabiwa. Kitie motoni."

Generoza akakitia. Nadhani Koleta alitumaini moto utamaliza maneno, lakini mdomo wa Generoza haukuwa na kufuli. Hadi saa sita kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mtoto wa mkimbizi anakoka moto kwa misalaba yetu.

Koleta alimuuliza mtoto polepole. Akaambiwa bibi alimpuria mtu maharage, akalipwa mzigo wa kuni. Mtu gani? Yule mwenye baiskeli anayepeleka kuni kambini. Mwenye baiskeli ya kuni alikuwa Bukuru, pacha wa kwanza, aliyelala tumbo moja na Anatoli. Na Koleta aliishi kwenye shamba la ukoo huo, migomba yake ikipakana na ya Bukuru. Akinyamaza, mtoto anafukuzwa kwa jina la mwizi wa makaburi. Akisema, yeye mwenyewe hatakuwa na pa kukaa.

Kesho yake wazazi walijaa darasani. Bukuru alikuwa kwenye dawati la mbele, magoti yamefika kidevuni, na ndiye aliyefoka kuliko wote. Koleta akasema mzigo ule wa kuni ulitoka kwa nani. Alisema kwa sauti ya kufundishia, bila kumtazama. Bukuru hakukana. Alieleza kwamba misalaba ile ilikwisha kuanguka, mchwa wameanza kuila, na kambini kuni yoyote ni kuni.

"Hata wa pacha wako, shemeji?"

"Mimi sijui kusoma, Mwalimu."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mzee wa ukoo alisema hilo ni la nyumbani, litazungumzwa nyumbani. Hapo Thobias akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole juu ya majina, akasema jina la Ineza halimo, na neno limekwisha sikika. Koleta akauliza ni neno gani, wakati aliyechukua misalaba ameshajulikana. Thobias akafunga daftari. Na wale wazazi, ambao dakika moja nyuma walikuwa wanainamisha vichwa kwa aibu ya Bukuru, wakaitikia kwa pamoja kwamba mwalimu mkuu amesema vizuri. Mtoto alikuwa mlangoni muda wote. Hakulia. Aliondoka.

Ukoo ulimnyang'anya Koleta migomba kabla ya Krismasi. Akaomba uhamisho, akapelekwa Nyakahura. Mwishoni mwa mwaka uliofuata wakimbizi wale walirudishwa kwao, na Ineza na bibi yake wakaenda pamoja na wengine, hakuna anayejua wapi.

Nilimkuta Koleta huko Nyakahura miaka kadhaa baadaye, darasa la kwanza lilelile, watoto wanahesabu mawe. Nikampa pole kwa habari ya ule msalaba. Akasema msalaba ulikuwa mbao tu.

"Lile lilikuwa neno lake la kwanza zima," akasema. "Kwangu mtoto akisoma neno zima, darasa lote linampigia makofi. Yeye hatukumpigia."